Antena nane za ruta: Je, mfanyabiashara ananunua kasi au umbo?

KATIKA maduka ya vifaa vya mawasiliano, kuanzia mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, ruta za intaneti zimebadilika sura. Kifaa ambacho miaka 20 iliyopita kilikuwa na antena moja au mbili, sasa kinapangwa rafuni kikiwa na antena nne, sita na hata nane, zimesimama kama miguu ya buibui aliyepinduliwa. Bei nayo hupanda kadiri antena zinavyoongezeka, na maelezo ya muuzaji aghalabu huwa mafupi: antena nyingi, mtandao wenye nguvu.

Kwa mwenye duka la pembejeo, mwenye nyumba ya kulala wageni au chama cha ushirika kinachopokea malipo kwa simu, maelezo hayo yanagusa mfuko moja kwa moja. Fedha inayokwenda kwenye ruta ya gharama kubwa ni fedha ambayo ingenunua mbolea au kuongeza bidhaa dukani. Hivyo, kabla fedha haijatoka, kuna swali linalostahili kujibiwa: antena hizo zinafanya kazi gani, na zinamfaa nani?

Kwa ufupi, antena za ruta ni upande mmoja tu wa biashara. Upande wa pili umo ndani ya simu, kompyuta au kifaa kingine kinachopokea mawimbi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ruta yenye antena nane inayozungumza na simu yenye antena moja haiwezi kuipa simu hiyo kasi mara nane, na anayelipia antena hizo kwa matumaini hayo anapata hasara.

Mwangwi uliogeuka mtaji

Wimbi la redio likitoka kwenye antena husambaa pande zote. Sehemu yake humfikia mpokeaji moja kwa moja, na sehemu nyingine hugonga ukuta, bati, kabati au gari lililoegeshwa nje, ndipo limfikie likiwa limechelewa kidogo. Kwa hiyo, mpokeaji hapati wimbi moja, bali nakala nyingi za wimbi lile lile, kama mwangwi wa mtu anayepiga kelele ndani ya ghala tupu.

Kwa miaka mingi mwangwi huo ulikuwa adui wa mafundi, kwa sababu nakala hizo huweza kufutana na kuharibu ujumbe. Ruta nyingi za kiwango cha megabiti 54 kwa sekunde, kilichotoka mwaka 2003, zilikuwa na antena mbili kwa sababu hiyo hiyo. Hata hivyo, antena hizo hazikufanya kazi pamoja. Ruta ilisikiliza ipi inapokea vizuri zaidi wakati huo, ikaitumia hiyo na kuiacha nyingine. Ilikuwa kuchagua, si kuongeza.

Mageuzi yalianza katika miaka ya 1990. Arogyaswami Paulraj, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, pamoja na Thomas Kailath, walipata hataza mwaka 1994 kwa wazo la kutuma taarifa tofauti kwa wakati mmoja, kupitia antena tofauti, katika masafa yale yale. Mwaka 1996, Gerard Foschini wa maabara za Bell alichapisha kazi iliyoonyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Siri yake imo katika ule mwangwi. Kwa kuwa kila antena imekaa mahali pake, mwangwi wa antena ya kwanza si sawa na mwangwi wa antena ya pili. Mfano ni madalali wawili wanaonadi kwa pamoja mnadani. Mtu wa sikio moja husikia vurugu tu. Mwenye masikio mawili huweza kutambua nani yuko kulia na nani yuko kushoto, akafuatilia maneno ya kila mmoja. Simu yenye antena mbili hufanya hivyo hivyo kwa hesabu: hulinganisha kilichopokewa na kila antena, kisha hutenganisha mikondo miwili ya taarifa iliyochanganyika hewani. Kuta na mabati yaliyokuwa kero yakawa msaada.

Mfumo huo unajulikana kama MIMO. Mwaka 2004 bidhaa za kwanza za majumbani zenye mfumo huo ziliingia sokoni Marekani, na mwaka 2009 ukawa sehemu ya kiwango rasmi cha 802.11n, ambacho leo huitwa Wi-Fi 4. Kiwango hicho kiliruhusu hadi mikondo minne, kila mmoja ukibeba hadi megabiti 150 kwa sekunde. Wi-Fi 5, iliyopitishwa mwaka 2013, ilipandisha kikomo cha kwenye maandishi hadi mikondo minane. Wi-Fi 6 ilianza kuidhinishwa kwenye bidhaa mwaka 2019, na Wi-Fi 7 Januari 2024.

Mwenye antena chache ndiye anayeamua

Kanuni ya kwanza ambayo mnunuzi anapaswa kuijua ni kwamba idadi ya mikondo haiwezi kuzidi antena za upande ulio dhaifu. Ruta ikiwa na antena nne na simu ikiwa na mbili, mikondo inayopita ni miwili. Simu ikiwa na moja, unapita mkondo mmoja. Ni sawa na ghala lenye milango minane linaloshusha mzigo kutoka lori lenye mlango mmoja. Makuli watapanga foleni pale pale kwenye lori.

Simu nyingi za bei ya kati na ya juu zina antena mbili za Wi-Fi. Simu nyingi za bei nafuu, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa wateja wengi na wakulima, zina moja. Hata simu za gharama zilichelewa: iPhone ilipata mikondo miwili ya Wi-Fi mwaka 2015, ilipotoka iPhone 6s. Sababu ni nafasi na betri. Wimbi la masafa ya gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na antena zinapaswa kuachana kwa sehemu kubwa ya urefu huo ili kila moja ipate mwangwi wake. Ndani ya simu nafasi hiyo ni finyu, na kila mkondo unaoongezwa hula umeme.

Vifaa vinavyoingia mashambani viko chini zaidi. Vipima unyevu wa udongo na joto la banda vinavyotengenezwa na mafundi wengi hutumia kijisanduku cha ESP8266, chenye antena moja inayofanya kazi kwenye gigahezi 2.4 peke yake. Kifaa hicho hutuma tarakimu chache kila baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo mkondo mmoja unamtosha mkulima. Tatizo lake haliwi kasi, bali umbali.

Hesabu ya kwenye boksi

Kanuni ya pili inahusu tarakimu zinazoandikwa kwenye boksi. Ruta iliyoandikwa AC1200 humfanya mnunuzi aamini kwamba atapata megabiti 1,200 kwa sekunde. Tarakimu hiyo ni jumla ya vitu viwili: megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na megabiti 867 za gigahezi 5, kisha ikakadiriwa kwenda juu. Simu ya kawaida hutumia masafa mamoja kwa wakati, na ni kizazi cha Wi-Fi 7 pekee kilichoanza kuruhusu kifaa kuyatumia kwa pamoja. Simu ya antena mbili itaishia kwenye 867, na ya antena moja itaishia kwenye 433. Hizo nazo ni tarakimu za juu kabisa. Kazini hupatikana nusu yake au zaidi kidogo, tena karibu na ruta.

Antena zenyewe huhesabiwa kwa mtindo huo huo. Ruta ya antena nane inaweza kuwa na nne za masafa ya chini na nne za masafa ya juu, hivyo kinachoonekana na simu ni nne, si nane. Kwa upande mwingine, zipo ruta zisizoonyesha hata antena moja kwa nje. Ruta za Starlink, huduma ya setilaiti iliyoanza nchini Kenya Julai 2023, ni mfano mzuri: za kizazi cha pili zina antena tatu kwa kila masafa na za kizazi cha tatu zina nne, zote zikiwa zimefichwa ndani. Kuhesabu kwa macho hakumwambii mnunuzi kitu.

Liko pia suala la tundu la waya. Baadhi ya ruta za daraja la AC1200, zikiwa na antena nne, zina matundu ya waya ya megabiti 100 tu. Hata kama hewani mna nafasi ya megabiti 867, kinachotoka nje kwenda intaneti hakitavuka 100.

Zaidi ya hayo, kifurushi chenyewe kina kikomo chake. Mwenye duka anayelipia megabiti 20 kwa sekunde anaweza kuzipata zote kwa simu ya antena moja iliyokaa karibu na ruta. Kubadilisha ruta hakutamwongezea hata megabiti moja. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku hiyo ruta ya antena nane na ruta ya antena moja zilikuwa sawa.

Pale antena nyingi zinapolipa

Pamoja na hayo, si haki kusema antena nyingi ni pambo. Zipo faida tatu ambazo hupatikana hata pale simu inapokuwa na antena moja.

Ya kwanza ni usikivu. Simu hutuma mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko ruta, ndiyo maana mara nyingine mteja huona alama za Wi-Fi zimejaa lakini malipo hayapiti: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Ruta yenye antena nne huweza kukusanya wimbi hilo hafifu kutoka antena zote na kulijumlisha. Kila idadi ya antena inapozidishwa mara mbili, nguvu inayokusanywa huongezeka karibu mara mbili.

Ya pili ni kuelekeza. Badala ya kumwaga mawimbi pande zote sawasawa, ruta huyapanga yatoke kwenye antena kwa kupishana kidogo ili yakutane na kuimarishana mahali simu ilipo. Kazi hiyo huimarisha mawasiliano ya umbali wa kati. Haimaanishi kwamba antena huzalisha nguvu mpya, kwa kuwa sheria za masafa huweka kikomo. Barani Ulaya, kwa mfano, kikomo cha gigahezi 2.4 ni miliwati 100 kwa kifaa kizima, antena ziwe mbili au nane.

Ya tatu ni kuhudumia wengi. Kwa kawaida ruta huzungumza na kifaa kimoja kwa wakati, kisha kingine, kwa zamu za haraka mno. Simu ya mkondo mmoja huchukua muda mrefu zaidi kupakua faili lile lile, na wengine husubiri. Ruta za Wi-Fi 5 za toleo la pili na za baadaye huweza kugawa antena zao: mkondo huu kwa simu hii, ule kwa simu ile, kwa wakati mmoja. Simu nazo sharti ziwe zimetengenezwa kwa mfumo huo, na zikae mbalimbali kidogo.

Kutokana na faida hizo, nyumba ya wageni yenye vyumba vingi, ukumbi wa mikutano au ofisi ya ushirika yenye watumishi kumi ina sababu ya kulipia antena nne. Duka la mtu mmoja lenye simu mbili na mashine ya kusomea kadi halina sababu hiyo. Fedha yake inafanya kazi zaidi kwenye kizazi cha ruta kuliko idadi ya antena. Wi-Fi 6 yenye antena mbili huweza kugawa masafa vipande vidogo vidogo na kuvihudumia vifaa kadhaa kwa mpigo, vikiwamo vya antena moja, mradi navyo viwe vya kizazi hicho.

Shambani mambo ni mengine

Mjini, kuta nyingi huzalisha mwangwi mwingi, na MIMO hustawi humo. Shambani hali hubadilika. Kati ya nyumba na ghala lililo ng'ambo ya uwanja wazi, mwangwi ni mchache, na antena zilizobanana kwenye ruta moja hupata nakala zinazofanana. Mikondo hupungua hata kama antena ni nyingi.

Mafundi wa mawasiliano ya masafa marefu hutatua hilo kwa njia nyingine. Antena mbili huwekwa ndani ya sahani moja, moja ikirusha wimbi lililosimama wima na nyingine lililolala. Mawimbi hayo hayachanganyikani kirahisi, hivyo mikondo miwili hupita hata pasipo mwangwi. Jozi ya sahani za aina hiyo zinazotazamana bila kizuizi huunganisha majengo yaliyo umbali wa kilomita kadhaa. Ruta ya ndani, hata yenye antena nane, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Vizuizi vyenyewe navyo vijulikane. Bati huakisi mawimbi, hivyo ruta iliyo nje ya ghala la bati haifiki ndani. Majani mabichi yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Kiunganisho kilichofanya kazi vizuri wakati wa kulima kinaweza kuzorota mahindi yakirefuka, na shamba la migomba huziba mwaka mzima. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya vizuizi vizuri zaidi kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Kwa mwenye nyumba na banda au duka na stoo, mara nyingi suluhisho la gharama nafuu ni ruta mbili za kawaida zilizounganishwa kwa waya wa mtandao, moja kila jengo. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100. Kusogeza antena karibu na simu kunashinda kuongeza antena mbali na simu.

Ruta za laini ya simu

Vijijini wengi hutumia ruta inayowekewa laini ya simu ya 4G, na hapa ndipo mkanganyiko unapozidi. Antena zinazoonekana kwenye ruta hizo mara nyingi si za Wi-Fi, bali za kupokea kutoka mnara wa kampuni ya simu. Kanuni yake hata hivyo ni ile ile. Ruta ya 4G ya daraja la nne, ambalo ni la kawaida sokoni, hufikia megabiti 150 kwa sekunde ikiwa tu antena zake mbili zinapokea mikondo miwili.

Mkulima aliye mbali na mnara hushauriwa kufunga antena ya nje juu ya paa. Ushauri ni mzuri, lakini antena ya waya mmoja huacha tundu la pili la ruta bila chakula, na mkondo wa pili hupotea. Inayofaa ni ile yenye nyaya mbili, iliyotengenezwa kwa masafa ya kampuni husika, ikielekezwa kwenye mnara. Nyaya ziwe fupi, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hula faida yote iliyopatikana juu ya paa.

Kwa 5G, ambayo Vodacom ilianza kuitoa Tanzania na Safaricom nchini Kenya mwaka 2022, antena zimeongezeka pande zote mbili. Minara huweza kuwa na antena 64 katika kifaa kimoja, na kwa baadhi ya masafa viwango vinataka simu iwe na antena nne za kupokea. Faida hiyo itamfikia mwenye simu ya 5G aliye karibu na mnara wa 5G, si mwingine.

Kabla ya kutoa fedha

Kutokana na hali hiyo, mnunuzi makini hana budi kuuliza mambo manne dukani. Kwanza, ruta ni ya kizazi gani cha Wi-Fi? Pili, ina mikondo mingapi kwa kila masafa? Jibu huandikwa 2x2 au 4x4 kwenye karatasi ya maelezo. Muuzaji asipoweza kulionyesha, antena zilizosimama juu haziwi ushahidi. Tatu, matundu ya waya ni ya megabiti 100 au 1,000? Nne, vifaa vitakavyounganishwa vina antena ngapi, na kifurushi kinacholipiwa ni megabiti ngapi?

Aliyekwisha kununua naye ana la kufanya bila gharama. Wimbi la antena ya fimbo hutoka ubavuni, si kwenye ncha, kwa umbo linalofanana na andazi lenye tundu katikati. Kumwelekezea mtu ncha ya antena ni kumnyima mawimbi. Nyumba ya chini moja inafaa antena zisimame wima. Yenye ghorofa, moja au mbili zilazwe. Ruta ikae juu, katikati ya jengo, mbali na friji na kabati la chuma, si chini ya kaunta nyuma ya masanduku ya soda.

Wafanyabiashara wadogo wamezoea kupima gunia kwa mizani kabla ya kulipa. Kwenye ruta, mizani ni mikondo ya pande zote mbili pamoja na kifurushi kinacholipiwa kila mwezi. Antena za ziada zina thamani pale zinapopata antena nyingine za kuzungumza nazo, au wateja wengi wa kuwahudumia. Zikikosa vyote viwili, mwenye duka atakuwa amelipia umbo, na simu ya mteja itaendelea kuzunguka ikisubiri malipo yapite.